Homa Iliyopita Masikioni

Wanangu, sogeeni niwape habari za ndugu wawili wa Alabama, kusini mwa Marekani. Mkubwa aliitwa Andrew Foster, na mdogo wake Edward. Andrew alizaliwa tarehe 27 Juni 1925 huko Ensley, mahali penye viwanda vya chuma pembeni mwa Birmingham. Baba yao alikuwa mchimba makaa ya mawe. Walikuwa watu weusi, na Alabama ya siku hizo ilikuwa na sheria za kuwatenga weusi na weupe, kila kundi na shule zake. Lishikeni hilo, maana mbele litatukuta.

Mwaka 1936, Andrew akiwa na miaka 11, homa iliwapata wote wawili. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Wakati ule ugonjwa huo uliua watu wengi sana, kwa sababu penisilini ilikuwa bado haijaanza kutengenezwa kwa wingi. Hilo lilikuja miaka ya 1940. Kupona watoto wawili wa nyumba moja lilikuwa jambo la kumshukuru Mungu. Nao walipona. Ila Andrew hakusikia tena, na Edward hakusikia tena.

Mfikirieni mtoto wa miaka 11. Huyo si mtoto mchanga. Anajua kuzungumza, anajua kusoma, anamtambua mama yake kwa sauti kabla hajamwona. Halafu kwa siku chache za homa, sauti zote zinakatika. Midomo ya watu inacheza mbele yake, yeye haambulii kitu. Wasimuliaji wengi huipita sehemu hii mbiombio ili wafike kwenye mambo makubwa aliyoyafanya ukubwani. Mimi nataka tukae hapa kwanza, kwa sababu hapa ndipo mtoto mwenye akili huuliza: homa ya mgongo na masikio, wapi na wapi?

Tuanze na sikio. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Mtu akikuita, hewa hutikisika mpaka ndani ya tundu la sikio lako na kukigonga kiwambo. Nyuma ya kiwambo kuna vifupa vitatu vilivyoshikana, navyo ni nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ndicho kifupa kidogo kuliko vyote mwilini. Urefu wake ni milimita 3 hivi. Vifupa hivyo huupokea mtikisiko na kuusukuma ndani zaidi, mahali ambapo hapana hewa tena bali maji. Huko, ndani ya mfupa ulio mgumu kuliko yote ya fuvu, ndiko iliko koklea. Imejizungusha kama gamba la konokono, mizunguko miwili na nusu, na lau ungeweza kuinyoosha, isingefika sentimita 4.

Ndani ya koklea kuna utando mwembamba, na juu ya utando huo zimepangwa seli zenye vinyweleo, kiasi cha 15,000 kwa kila sikio. Maji yakitikisika, vinyweleo huinama. Vikiinama, seli hutoa habari kwa neva ya kusikia, na neva huifikisha ubongoni. Seli za mlangoni mwa koklea hushughulikia sauti nyembamba, mfano filimbi na ndege. Za kileleni hushughulikia sauti nzito. Kazi yote ya kusikia, kuanzia jina lako mpaka adhana, mpaka honi ya bodaboda, imebebwa na seli hizo chache.

Na seli hizo tunazaliwa nazo. Zikifa, hazioti nyingine. Kuku anatushinda katika jambo hili! Miaka ya 1980 wataalamu waligundua kwamba seli za sikio la kuku zikiharibika, huota upya. Za binadamu hazioti, na mpaka leo watafiti wanaendelea kumchunguza kuku wajue anafanyaje.

Sasa turudi kwenye homa. Ubongo na uti wa mgongo vimefunikwa na tando, na katikati ya tando hizo kuna maji safi. Bakteria wanaoleta ugonjwa huu, kama meningokoka na nyumokoka, hukaa puani na kooni mwa watu wengi ambao hawaumwi hata kidogo. Mara chache huvuka wakaingia kwenye damu, damu ikawafikisha kwenye zile tando, nao wakazaliana ndani ya yale maji. Hapo ndipo swali letu linapopata jibu. Kati ya maji ya ubongo na maji ya koklea kuna kijia chembamba kilichopita ndani ya mfupa. Bakteria hukipita. Sumu zao hukipita. Hata chembe nyeupe za damu, zinazokuja kupambana na bakteria hao, hukipita, na katika mapambano hayo huharibu seli ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Haya yote yanaweza kutokea katika siku mbili tatu za mwanzo, na ndiyo maana watu hawaoni. Mtoto ana homa kali, kichwa kinamuuma, shingo imekakamaa, anatapika, hataki mwanga, pengine hana fahamu. Wazazi wanapigania uhai wake. Akiitwa asiitike, nani atawaza masikio? Baadaye homa inashuka, mtoto anafumbua macho, anaomba uji, nyumba nzima inafurahi. Zinapita siku kadhaa ndipo mama anapong'amua kwamba mwanawe hugeuka akimwona tu, akimwita hageuki. Kwa mtoto mdogo ipo dalili nyingine ambayo watu huidhania ni udhaifu wa ugonjwa: alikuwa ameshajua kutembea, sasa anapepesuka na kuanguka. Sehemu inayotusaidia kusimama bila kuyumba imo humohumo jirani na koklea, na maji yao ni mamoja.

Kati ya watoto 10 wanaopona homa ya uti wa mgongo iliyoletwa na bakteria, karibu mmoja hubaki na shida ya kusikia. Nyumokoka ndiye mkali zaidi kwa masikio. Na kuna jambo moja ninalolisema kwa uchungu, kwa kuwa wazazi wengi hawaambiwi. Baada ya ugonjwa kuisha, koklea inaweza kujaa kovu, kisha kovu likageuka kuwa mfupa, na mabadiliko hayo yanaweza kuanza ndani ya wiki chache. Siku hizi kuna kifaa kinachopandikizwa kwa upasuaji: waya mwembamba huingizwa ndani ya koklea ukaisisimua neva moja kwa moja, bila kuzitegemea zile seli zilizokufa. Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza upasuaji huo mwaka 2017. Lakini waya haupiti penye mfupa. Kwa hiyo mtoto aliyeugua homa ya uti wa mgongo apimwe masikio kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani, au ikishindikana basi ndani ya wiki nne, hata kama kila mtu anaapa kwamba anasikia. Kipimo chenyewe hakiumi.

Kinga nayo ipo. Zile sindano za kliniki zinazowaliza wadogo zenu wakiwa na wiki chache tu duniani, miongoni mwake zimo zinazowazuia bakteria hawa. Kenya ilianza chanjo dhidi ya bakteria aitwaye Hib mwaka 2001 na ya nyumokoka mwaka 2011. Tanzania ikaanza ya Hib mwaka 2009 na ya nyumokoka mwaka 2013. Andrew na Edward hawakuwa na hata mojawapo.

Basi ndugu hao walipelekwa Talladega, kwenye shule ya watoto weusi viziwi. Huko Andrew alijifunza lugha ya alama, ile ambayo wengine huiita lugha ya ishara, akapata tena watu wa kuongea nao. Akili yake haikuwa imeguswa. Lakini kiziwi mweusi katika Alabama alisomeshwa mpaka darasa la sita, basi. Hapo hapakuwa na bakteria wa kulaumiwa. Hiyo ilikuwa kazi ya watu.

Akiwa kijana alihamia Detroit, akafanya kazi viwandani na kusoma kwa njia ya posta mpaka akamaliza sekondari. Aliomba kuingia Chuo cha Gallaudet, kilichoko Washington, chuo cha viziwi. Akakataliwa kwa sababu ya weusi wake. Akaomba tena. Mwaka 1951 akakubaliwa, na mwaka 1954 akawa mtu mweusi wa kwanza kuhitimu shahada hapo.

Chuo hicho nacho asili yake ni homa. Mwaka 1807, katika mji wa Hartford, mtoto wa kike wa daktari mmoja, Alice Cogswell, aliugua akiwa na umri wa miaka miwili hivi, akapoteza usikivu. Ugonjwa wake uliitwa homa ya madoadoa, na wanaosoma kumbukumbu zake leo wanaona ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Jirani yao, Thomas Hopkins Gallaudet, alimwona akicheza peke yake, akaanza kumfundisha maneno. Watu wa mji wakachanga fedha, naye akavuka bahari kwenda Ulaya mwaka 1815 kutafuta namna ya kufundisha viziwi. Alirudi na mwalimu kiziwi kutoka Ufaransa, Laurent Clerc, na tarehe 15 Aprili 1817 wakafungua shule, Alice akiwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza. Mtoto wa Gallaudet ndiye aliyekuja kukiongoza chuo cha Washington tangu mwaka 1864. Na mkipenda sadfa, hii hapa nyingine: Helen Keller, ambaye huenda mmesoma habari zake shuleni, alizaliwa Alabama hiyohiyo, tarehe 27 Juni kama Andrew, mwaka 1880, akapoteza macho na masikio kwa homa akiwa na miezi 19. Madaktari waliochunguza maelezo ya ugonjwa wake miaka ya karibuni wanashuku ugonjwa huuhuu.

Mwaka 1957 Andrew Foster alifika Accra, Ghana. Inasimuliwa kwamba wenyeji wake walimwambia hakuna watoto viziwi huko. Walikuwepo, ila walifichwa majumbani, au waliachwa wacheze uani wenzao wakienda shule. Akaazima madarasa ya shule ya watu wanaosikia, akafundisha saa ambazo wenyewe hawapo. Watoto wakaja, na watu wazima wakaja. Kutoka Ghana akaenda Nigeria, kisha nchi baada ya nchi, Kongo na Burundi zikiwemo, mpaka shule zake zikapita 30 katika nchi 13. Kila alipofika alitafuta viziwi wenyeji na kuwafundisha wawe walimu. Alifariki tarehe 3 Desemba 1987, ndege ndogo aliyopanda ilipoanguka Rwanda akiwa njiani kuja Kenya. Alikuwa na umri wa miaka 62.

Homa ya uti wa mgongo si ugonjwa pekee unaofika sikio la ndani. Matubwitubwi mnayajua: mashavu yanavimba chini ya masikio, kumeza kunauma, wenzako shuleni wanakucheka. Huletwa na kirusi, na wengi hupona bila shida. Lakini kirusi hicho mara mojamoja huingia kwenye koklea ya upande mmoja na kuinyamazisha kabisa, na hasara hiyo kwa kawaida hairudi. Mtoto mwenyewe anaweza asijue kwa miezi, kwa kuwa sikio la pili linafanya kazi. Anajua siku anapoweka simu sikio lisilo la kawaida yake na kudhani mtandao umekatika. Nchini Japani, ambako chanjo ya matubwitubwi haikuwa kwenye ratiba ya lazima, madaktari wa masikio walihesabu wagonjwa zaidi ya 300 wa namna hii katika mwaka 2015 na 2016 peke yake. Kwetu Tanzania na Kenya chanjo ya kawaida ni ya surua na rubela, ya matubwitubwi haimo. Kwa hiyo mwenzako akivimba mashavu, acheni kicheko, muulizeni kama anasikia pande zote mbili.

Tetekuwanga pia ina mambo yake. Ukishapona, kirusi chake hakiondoki. Hujificha kwenye neva miaka na miaka. Kikiamka huleta mkanda wa jeshi. Watu wamezoea kuuona mbavuni, lakini unaweza kutokea sikioni: malengelenge ndani ya sikio, uso unapinda upande mmoja, usikivu unashuka. Hapo ni hospitali, tena haraka. Kaswende, ugonjwa ambao wazazi hawapendi kuutaja mbele yenu, nayo inaweza kuharibu kusikia, na daktari mwangalifu huipima kwa sababu ina dawa.

Halafu kuna ule uziwi wa ghafla unaowasumbua zaidi watu wazima, wa miaka 40 na kuendelea, ingawa kijana pia unaweza kumpata. Mtu analala salama, anaamka sikio moja limekufa. Au linapungua ndani ya siku tatu. Mara nyingi huja na mlio usiokoma, wengine na kizunguzungu. Madaktari wanashuku virusi, wanashuku mishipa midogo ya damu kuziba, wanashuku kinga ya mwili kujishambulia. Lakini kwa wagonjwa 9 kati ya 10 chanzo hakipatikani. Siwaongopei, ndivyo ilivyo. Wapo wanaorudiwa na usikivu bila dawa. Wengine hupewa dawa za aina ya steroidi, vidonge au sindano inayopitishwa kwenye kiwambo, na dawa hizo zina nafasi kubwa zaidi zikianza ndani ya wiki mbili za kwanza. Msiba ni kwamba wiki hizo mbili ndizo watu wanazozitumia kutia mafuta ya nazi sikioni, kuchokoa kwa njiti, na kuambiana ni mafua yatapita.

Wacha niwafundishe kitu cha kujaribu. Ziba sikio moja kwa kidole, funga mdomo, vuma: mmmm. Umeona? Sauti imehamia kwenye sikio uliloziba. Sababu ni kwamba sauti ya kuvuma haikupitia hewani, imepitia mifupa ya kichwa, na kidole kimeizuia isitoke nje ya sikio. Kwa hiyo mtu ambaye sikio lake limezibwa na nta, au lina majimaji nyuma ya kiwambo kwa sababu ya mafua, akivuma husikia zaidi upande huo mbovu. Lakini kama koklea au neva ndiyo iliyoharibika, sauti hukimbilia upande mzima. Daktari hufanya jaribio hilohilo kwa uma wa chuma unaovuma, akiuweka katikati ya paji la uso. Jaribio la nyumbani halichukui nafasi ya lake, ila linaweza kumfanya mjomba mbishi avae viatu aende.

Nanyi, mkifika kwa daktari, msiseme tu sikio limeziba. Mwambie limeacha kusikia siku gani, upande gani. Mwambie kama juma hilo au lililotangulia ulikuwa na homa, matubwitubwi, au malengelenge. Mwambie kuna mlio, kuna kizunguzungu, au hakuna. Mtajie dawa zote ulizotumia, maana kuna dawa, kama sindano za gentamisini na kwinini nyingi, ambazo zenyewe huweza kuumiza masikio. Yeye atachungulia ndani kwa taa yake. Akikuta nta, ataiondoa na mtarudi nyumbani mkicheka. Akikuta tundu ni safi na kiwambo kinang'aa, wengi hushusha pumzi wakidhani ni habari njema. Hapo ndipo hasa pa kuuliza juu ya sikio la ndani, na kuomba kipimo cha usikivu na barua ya kwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo siku hiyohiyo.